Yah: Malalamiko juu ya basi la kukodi lililoshindwa kutufikisha fainali Sumbawanga

Ruangwa, Lindi
10 Agosti 2020

Meneja,
Kampuni ya Mabasi,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naandika kwa niaba ya tawi la mashabiki wa timu ya mpira ya Namungo la hapa Ruangwa, lililokodi basi la kampuni yenu ili litupeleke Sumbawanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa tarehe 2 Agosti katika Uwanja wa Nelson Mandela. Fedha zote mlizipokea kabla ya safari. Fainali ilichezwa, Simba wakakabidhiwa kombe, na sisi tulikuwa bado Mbeya.

Makubaliano yetu, ambayo nakala yake yenye mhuri wenu naiambatanisha, yalitaka basi liondoke Ruangwa Ijumaa tarehe 31 Julai mara baada ya swala ya Idd, lilale Songea, kesho yake lilale Mbeya, na Jumapili alfajiri limalizie kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga. Ratiba hiyo haikupangwa kwa kubahatisha. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,000, na kwa kuwa mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kukesha barabarani, saa iliyopotea mchana isingefidiwa usiku. Hilo kampuni ya usafiri inapaswa kulijua kuliko sisi wakulima wa ufuta.

Basi lilifika alasiri, tena halikuwa lile tulilolikagua na kulikubali kwenye yadi yenu. Dereva alitueleza kwamba lile jipya limepelekwa Dar es Salaam kubeba abiria wa Idd. Hakuna aliyetuuliza wala kutupigia simu. Usiku ukatukuta Masasi. Jumamosi, tukiwa kati ya Tunduru na Namtumbo, klachi ilikufa, na watu wazima pamoja na kina mama walishinda kando ya barabara mpaka jua likazama, fundi akisubiriwa kutoka Songea, ilhali makubaliano yanasema wazi kwamba gari likiharibika kampuni italeta jingine kwa gharama yake. Tulipopiga simu ofisini kwenu tuliambiwa tuwe na subira. Jumapili filimbi ya kuanza mchezo ilipopulizwa, ndiyo kwanza tulikuwa tunaingia stendi ya Mbeya.

Tuliporudi, tulikwenda ofisi yenu ya Masasi kudai haki yetu, na jibu tulilopewa huko ndilo hasa lililonifanya niandike. Ofisa wenu alisema hasara yetu si kubwa, kwa kuwa Namungo walikwishajihakikishia kucheza Afrika. Ni kweli kwamba kombe hili ndilo linalotoa mwakilishi wa nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, na ni kweli pia kwamba Simba, kwa kuwa ni mabingwa wa Ligi Kuu, wanakwenda Ligi ya Mabingwa, hivyo nafasi hiyo ilikwisha kuwa ya Namungo hata kabla mpira wa fainali haujawekwa kati. Lakini nafasi hiyo ni ya klabu, na haikutoka mikononi mwenu. Sisi tuliwalipa ili tuione kwa macho yetu timu iliyopanda Ligi Kuu msimu huu huu ikicheza fainali yake ya kwanza ya kombe hili. Mechi ya ligi ikikupita, duru ya pili ipo. Fainali ya mtoano huchezwa mara moja tu, na basi likichelewa hakuna nauli inayoweza kuirudisha. Namungo walifungwa 2-1. Bao lao moja, ambalo watu wa Ruangwa watalisimulia kwa miaka mingi, sisi tuliokwishalipia safari tulilisikia kwenye redio ya muuza chai.

Nataka muelewe fedha hizo zilitoka wapi. Wengi wa wanachama wetu walichangia kutoka kwenye malipo ya ufuta wa msimu huu, fedha ambazo ndani ya nyumba zina kazi nyingi, kisha wakaziacha familia zao siku yenyewe ya Idd. Kumwambia mtu huyo kwamba hasara yake si kubwa ni kumvunjia heshima.

Robo ya fedha za kukodi ambayo ofisa wenu alitaka kuturudishia tumeikataa. Hesabu yake ni ya kilomita ambazo gari halikwenda, kana kwamba tulikodi basi la kwenda Mbeya. Tunadai turudishiwe fedha zote, na tupewe maelezo ya maandishi, yenye saini yako wewe Meneja, ya kwa nini basi lilibadilishwa bila ridhaa yetu. Tunaomba hayo yatimizwe ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipotimizwa tutapeleka malalamiko haya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, pamoja na makubaliano, stakabadhi za malipo na picha za gari likiwa limeharibika.

Namungo itakapoanza michezo ya Afrika tawi letu litasafiri tena, na wanachama wangependa fedha zao zibaki kwa kampuni ya huku kusini. Kama kampuni hiyo itakuwa yenu, tutaamua baada ya kupata majibu ya barua hii.

Wako katika michezo,

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wanachama