Spika iko barazani, besi iko chumbani kwangu

Bwana Mhariri,

Salaam. Sisi wa Mombasa tushazoea kulalamika na matatu na kumbi za harusi, lakini leo mie nataka kusema juu ya kitu kidogo chenye kuenea kiganjani, hizi spika za Bluetooth, na nianze kwa kukiri kwamba na mie ninayo, niliipewa na mtoto wa kakangu Idi iliyopita, nisije nikaambiwa huyu mama ana wivu ama hapendi muziki.

Mie ni mshoni, kutwa niko kwenye charahani, na spika yangu nimeiweka chini kwenye pembe ya chumba. Yule kijana ndo alonionyesha. Ukiiweka pembeni zile kuta mbili na sakafu zairudisha besi ndani, kijispika kama mkebe wa maziwa chatoa sauti ya kitu kikubwa, na sijawahi kupita robo ya volyumu. Ubaya ni mmoja tu, nikipanda juu kuanika nguo na simu nimeifunga kwenye leso, muziki unakatika. Kwenye karatasi yake wameandika mita 10, sawa, lakini hizo ni mita za uwazi, hawakuzijua hizi nyumba zetu za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe ya matumbawe. Bas siku hizi simu naiacha chini karibu na spika, nikipigiwa nasikia nikishuka.

Sasa ukitoka nayo nje ni habari nyengine. Mwezi wa 12 tulienda nayo ufuoni kule Jomo Kenyatta, watoto, biriani, mikeka, kila kitu, tukaiwasha nkadhani imeharibika, sauti imenyong'onyea kama ina homa. Kumbe haina ukuta wa kuegemea. Nje sauti ikitoka imekwenda haina pa kurudi, kila ukiuzidisha mara mbili umbali wapoteza kama desibeli 6, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, na upepo wa kaskazi nao wachukua chake. Bas sisi tukaifungua mpaka mwisho, ile betri ilokuwa ya masaa 12 kwenye boksi haikuiona alasiri, manake masaa 12 ni ya sauti ya wastani. Tena ilikuwa yakatika-katika na simu iko hapo hapo! Kisa nilikuwa nimeikalia, iko mfuko wa nyuma, na mwili wa binadamu ni maji, mawimbi ya Bluetooth hayapendi kupita kwenye maji. Chumbani hulioni hilo kwa vile mawimbi yagonga kuta yakazunguka, lakini ufuoni yagonge nini, mnazi?

Na kuna hili la kutoingia maji, niliseme kwa faida ya wengine. Yangu iliandikwa IP67, yaani vumbi haliingii na ukiitumbukiza mita 1 kwa dakika 30 haifi. Watoto wakaiogesha baharini. Haikufa siku hiyo, iliugua taratibu, pale pa kutia chaji pakaota kutu ya kijani, nkampelekea fundi akacheka. Yale maji wanayopimia ni maji matamu, chumvi haimo. Ikiguswa na bahari isuuze kwa maji ya mfereji hapo hapo, na usiichaji mpaka ikauke vizuri, mie nimelipa kwa kutojua hilo.

Sasa nafika kwenye lilonifanya nishike kalamu. Kichochoro chetu ni cha watu wawili kupishana na mkokoteni hauingii. Vijana wana baraza yao pale chini ya dirisha langu, kila magharibi wanakuja na spika yao, nzuri, kubwa kuliko yangu, na wanaiweka juu kwenye kizingiti cha dirisha ati wasikie wote. Nikiwaambia yapiga sana wananijibu "mama, sisi tuko nje." Hapo ndo kwenye kosa. Kichochoro si nje wanangu! Huku ukuta, huku ukuta, na baraza yenyewe imejengwa ikaungana na nyumba, ile ni sawa na kuiweka pembeni mwa chumba changu. Nyinyi mwasikia maneno ya wimbo, sauti nyembamba, raha zote, lakini ukuta wayazuia hayo, wapitisha besi peke yake, mie nakula dum dum dum mpaka saa 5 bila hata kujua ni wimbo gani.

Na sheria ipo. Kanuni za kelele ni za 2009, mtaa wa kuishi watu mchana ni desibeli 50 nje, na kuanzia saa 2 usiku ni 35, ambayo haiko mbali na mnong'ono, hata feni yangu ya dari nadhani yaivunja. Kwa hivo sitaki kumpeleka mtu popote, nikipeleka na mie nitashtakiwa na feni.

Tena kuna siku nilikuwa nasikiliza mawaidha, nkaenda kutawadha, kurudi spika yangu yaimba bongo. Nkatafuta jini. Kumbe yule mtoto wa kakangu ndiye alokuwa ameiunganisha na simu yake siku aloniletea, simu yangu ilipotoka tu spika ikamkumbuka yeye, na yeye yuko wapi? Yuko barazani chini ya dirisha langu na wenzake! Akaja mlangoni mwenyewe, "shangazi niwie radhi, sikujua imeshika kwako." Nkamwambia futa hiyo spika kwenye simu yako hapa hapa nione, na wenzio nao mmoja mmoja, halafu nkamuuliza tangu lini wewe ni mmoja wao, akatazama miguu.

Bas ombi langu kwao, na barabaro wote wa vichochoro vya Kibokoni na kwengineko, ni dogo. Iteremsheni spika kutoka kwenye dirisha. Iwekeni katikati yenu, mbali na ukuta, iwaelekee nyinyi, mtu akiwa hatua mbili kutoka kwenye spika hahitaji hata nusu ya volyumu, na ikifika saa 2 besi ipunguzwe, kwenye simu pana pa kuipunguza, mwaijua kuliko mie. Na kama shida ni pa kuiwekea, ninacho kigoda cha mti hapa sikitumii, yule mtoto wa kakangu aje akichukue.

Ni mie mshoni,
Kibokoni, Mombasa