Joto la Machi si jua kutusogelea

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba joto hili linalotutesa Mombasa linatokana na "jua kusogea karibu na dunia". Nimefundisha Jiografia miaka mingi hapa kisiwani, na sentensi ile imenikaa rohoni, kwani najua kuna mtoto wa shule ataibeba mpaka kwenye chumba cha mtihani. Naomba isahihishwe.

Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152. Machi ikifika, tumekwisha kuanza kulipa jua kisogo. Na Januari hiyo hiyo tunapokuwa karibu, London wanajifunika mablanketi. Umbali huo hauamui joto la mahali.

Kinachotokea Machi ni jua kutupita utosini. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta, na jua likiwa safarini kwenda kaskazini hufika juu yetu karibu na tarehe 10 Machi. Siku hizo nilikuwa nikiwatoa wanafunzi uwanjani, tunasimika fito mchangani, tunangoja. Kivuli hufupika, hufupika, mpaka saa sita na nusu hakipo tena. Kimeingia chini ya fito. Watoto walikuwa wakiuliza kwa nini si saa sita kamili. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na 40, basi jua hutufikia kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hubadilika kidogo kwa majira.

Lakini jua la utosini peke yake halitoshi. Mwanzoni mwa Oktoba pia hupita hapo hapo, na Oktoba hatuhemi hivi. Machi bahari nayo imeshiba joto, maana maji huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na tena upepo umetukimbia.

Marehemu mamangu alikuwa na mtungi wa udongo kwenye pembe ya ukumbi, nyumba yetu ya Mji wa Kale, pale upepo wa dirishani unapopitia. Januari, kaskazi ikivuma, maji ya mtungi ule yalikuwa baridi ya kuuma meno. Machi yalikuwa vuguvugu, na mama alikuwa akisema mtungi umechoka. Haukuwa umechoka. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ili hilo litendeke, hewa ya nje lazima iwe na nafasi ya kupokea mvuke, na lazima itembee, hii iondoke ije nyingine. Kaskazi hutoka upande wa Arabuni na Asia, ni kavu kuliko pepo zetu nyingine, ndiyo maana Januari na Februari mvua ni haba. Machi hewa imejaa mvuke wa bahari na imesimama. Mtungi haupoi, leso hazikauki kambani, na jasho linabaki mgongoni. Miili yetu inajipoza kwa njia ile ile ya mtungi. Mtu wa Lodwar, kule Turkana kukavu, aliye kwenye nyuzi 36 za joto jasho lake hukauka kabla hajaliona. Sisi kwenye nyuzi 33 tunalowa.

Sasa upepo umekwenda wapi? Hapa ndipo ningetaka waandishi wako wakae kidogo. Pale jua linapochoma zaidi, hewa hupata moto, huwa nyepesi, hupanda. Nyingine hukimbilia kujaza nafasi yake kutoka pande zote mbili za ikweta. Januari ukanda huo wa hewa inayopanda uko kusini yetu, na hewa inayoufuata hutupitia njiani: hiyo ndiyo kaskazi. Baadaye ukanda unalifuata jua kurudi kaskazini, na unapokuwa juu yetu hewa haina tena pa kwenda mbele, inakwenda juu. Ndiyo shwari hii. Wavuvi wanaiita maleleji, au tanga mbili, kwa sababu hujui tanga ulielekeze wapi. Kinachobaki ni umande, yaani upepo wa alfajiri kutoka bara, na upepo mdogo wa baharini unaoanza ardhi ikishapata moto na kufa jua likichwa.

Na hewa ile ikipanda haipandi mikono mitupu. Kuyageuza maji yote ya birika kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyafikisha kuchemka. Joto hilo halipotei, limebebwa na mvuke. Ukipoa huko juu na kuwa wingu, hulitema, na joto hilo hulisukuma wingu lipande zaidi. Mawingu yale meusi yanayorundikana Aprili yanaendeshwa na joto hili hili la baharini tunalolilalamikia leo. Kisha kusi, upepo wa kutoka kusini, huingia na unyevu wa bahari kubwa ya kusini, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu.

Manahodha waliyajua haya tangu zamani. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 na rubani aliyepewa pale, kusi ikianza, na hakumaliza mwezi akawa Calicut, India. Kurudi alishika njia mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaamka. Bahari ile ile ilimchukua miezi mitatu, na mabaharia wengi walifia njiani.

Mhariri, kwenye ukurasa wa hali ya hewa mnatupa nyuzi za joto na picha ya jua au wingu. Kwa mtu wa pwani nyuzi peke yake hazisemi kitu. Tuandikieni upepo unatoka wapi na una nguvu gani, na hewa ina unyevu kiasi gani. Vipimo hivyo Idara ya Hali ya Hewa huvichukua. Na muuite upepo kwa jina lake, kaskazi, kusi au umande, ili hata ajuza aliye kibarazani ajue mnasema nini.

Mwandishi wa habari ile simlaumu. Jua litarudi utosini siku za mwanzo za Oktoba, na safari hiyo kivuli kitapotea mapema zaidi, kama saa sita na dakika kumi. Aje, fito ninayo.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Kibokoni, Mombasa