Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika mitandaoni usiku wa manane

Wanangu,

Ninawaandikia nikiwa na uchungu, nanyi mtaniwia radhi iwapo maneno yangu yatakuwa makali. Hivi karibuni niliketi katika jopo la usaili, na miongoni mwa waombaji alikuwamo kijana aliyejibu kila swali kwa utulivu, kiasi kwamba alipotoka nje nilikuwa nimekwisha kumpa alama za juu. Ndipo mjumbe mwenzangu alipotoa simu, akatelezesha kidole mara mbili tatu, kisha akaisukuma juu ya meza hadi mbele yangu. Ilikuwa picha ya skrini ya maneno ambayo kijana yule aliyaandika miaka minne nyuma, saa nane kasoro usiku, akimporomoshea mwalimu wake wa zamani matusi ya nguoni. Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti alichukua fomu iliyofuata.

Baadaye nilipomweleza kijana mwenyewe, alinijibu kwa mshangao: "Lakini mzee, mbona niliyafuta siku ileile?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ukifuta, wanangu, unafuta nakala yako. Zile zilizokwisha kupigwa picha na kutumwa kwingine huna mamlaka nazo. WhatsApp iliruhusu mwaka 2017 ujumbe kufutwa hata kwenye simu za waliotumiwa, lakini picha ya skrini iliyopigwa kabla ya hapo haiguswi. Internet Archive inahifadhi kurasa za wavuti tangu mwaka 1996, na haimsubiri mwandishi ajutie alichoandika. Hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ilipoamua mwaka 2014 kwamba mtu anaweza kuiomba Google iondoe viungo fulani katika matokeo ya jina lake, haikuulazimisha ukurasa wenyewe ufutwe. Mlango ulifungwa, nyumba ikabaki palepale. Wala umaarufu si kinga, kwani Desemba 2018 mchekeshaji Kevin Hart aliachia nafasi ya kuongoza sherehe za tuzo za Oscar siku chache tu baada ya kuitangaza, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika Twitter miaka mingi kabla.

Wahenga walituonya kwamba ulimi hauna mfupa. Kidole gumba kina mifupa, na bado kinateleza kuliko ulimi, hasa kikisukumwa na hasira na usingizi uliokataa. Zamani aliyetaka kumtukana mtu kwa barua alitafuta karatasi, bahasha na stempu, na mara nyingi hasira ilipoa kabla hajafika posta. Ninyi hamna safari hiyo ya posta, kwa hiyo itengenezeni wenyewe: andika yote uliyonayo moyoni, hata yanayochoma, uyahifadhi pasipo kuyatuma, kisha uyasome asubuhi ukiwa umekwisha kunawa uso.

Mengine nitayataja kwa kupita. Kundi la watu mia mbili si chumba cha siri. Jina bandia huvuliwa na rafiki mliyegombana. Usisambaze usichokisoma hadi mwisho, usiweke picha ya mtu bila idhini yake, na siri za mgonjwa au mteja wako haziandikwi hata kwa mafumbo.

Sasa niwageukie wazee wenzangu, kwa maana lawama si ya kijana peke yake. Chini ya maneno yale nilisoma majibu ya watu wazima waliokuwa wakimchochea kwa vicheko, wakimwambia aendelee kumpasha; nao leo wana kazi zao na hakuna anayewauliza kitu. Kuna aliyeitunza picha ile miaka minne kama mtu anayetunza kisu. Na jopo zima, nami nikiwamo, hatukumwita kijana arudi ndani tumuulize kama angali mtu yuleyule aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Kunyamaza kwangu kunanisumbua kuliko matusi yake.

Barua hii nayo niliilaza usiku mmoja. Asubuhi niliondoa aya mbili zilizomhusu mjumbe mwenzangu yule, ingawa bado naona alistahili kuzisoma.

Wenu kwa upendo,
Mzee wenu