Shukrani kwa mzee wa Bovington

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo. Jumamosi ile nilimpeleka baba kwenye makumbusho ya vifaru vya vita pale Bovington, Uingereza. Miguu yake haina nguvu tena, nami nilishakata tamaa ya kumzungusha kumbi zote. Ukaja, ukashika kiti chake cha magurudumu, ukasema twende taratibu.

Ulimsogeza hadi Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia Aprili 1943. Ukamwonyesha kovu chini ya mzinga: kombora la Waingereza liligonga pale, kichwa cha kifaru, kile kinachobeba mzinga, kikakwama kisizunguke, askari wake wakakikimbia. Baba alikuwa fundi wa magari jeshini. Aliinamia ile minyororo mipana, akauliza kwa Kiswahili, nikatafsiri, ukajibu kila swali bila haraka. Tulipofika kwa Little Willie, kile kifaru cha majaribio cha Waingereza cha mwaka 1915, mlikuwa mnaelewana kwa mikono tu, bila mimi.

Tangu augue sijamwona akicheka vile. Ahsante sana, mzee wangu. Baba anakusalimu, na bado anaizungumzia ile injini.