Kwa Nini Natoza Dola 35 Kuangalia Mpira Wenye Saini

Wiki iliyopita dada mmoja wa Brooklyn Park, hapa Minnesota, alitoka dukani kwangu akaubamiza mlango. Alikuwa amelipa dola 35, nikaukagua mpira wake wa besiboli wenye saini kwa nusu saa, nikamwambia haufiki hata dola 20. "Kwa hiyo nimekulipa uniambie sina kitu?" Ndiyo, dada yangu, hicho ndicho ulichonilipia. Na kwa kuwa huyu ni wa nne tangu Januari, acha niandike mara moja niache kugombana na watu mlangoni.

Wengi mnaoniletea mipira ya besiboli mnafanya kazi ya kutunza wazee hapa Minnesota. Mzee amefariki, familia inafungasha nyumba, binti yake anakwambia chukua huu, baba alikupenda. Mpira una jina la Harmon Killebrew au Kirby Puckett, nyota wa zamani wa Minnesota Twins, timu ya hapa. Usiku unaingia intaneti, unakuta mwingine kama huo umewekewa dola 400, na tayari umeshapiga hesabu ya karo ya mtoto kule Kisii. Nawaelewa, hata mimi nilianza hivyohivyo. Lakini bei aliyoandika muuzaji ni ndoto yake. Tazama ile iliyolipwa.

Mimi huanza na mpira wenyewe, saini baadaye. Mipira rasmi ya American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, zamani ilichapwa jina la rais wa ligi: Joe Cronin hadi 1973, kisha Lee MacPhail, kisha Bobby Brown kuanzia 1984 hadi 1994. Kijana mmoja aliniletea saini ya Thurman Munson, mchezaji wa timu ya New York Yankees, imeandikwa vizuri ajabu, pale penye nafasi nyembamba kati ya mishono ambapo wanunuzi wanapapenda. Chini yake limechapwa jina la Bobby Brown. Munson alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1979. Marehemu hasaini. Kijana akauliza kwa nini dakika mbili zigharimu dola 35. Dakika mbili hizo nimezisomea miaka kumi na moja.

Kuna mipira ya ukumbusho iliyouzwa viwanjani, saini zote zimechapwa kiwandani. Huo ndio aliokuwa nao dada wa Brooklyn Park. Kuna mingine iliyosainiwa na vijana wa kubeba magongo, kwa sababu nyota alichoka na maboksi yaliyomngoja kwenye chumba cha wachezaji. Jina la Mickey Mantle, nyota mwingine wa Yankees, limeandikwa hivyo mara nyingi. Halafu kuna waghushi hasa. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ilipowavamia katika Operation Bullpen, ule msako wa saini bandia, ilikuta mpaka mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa. Kwa hiyo ukiniambia "lakini una cheti", nitauliza cheti cha nani. Printa haikatai kuchapa.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Baba mmoja wa Bloomington alikuwa na saini ya kweli ya Killebrew, kwa biro ya bluu. Familia ya mzee ilikuwa imeuweka mpira dirishani miaka mingi, wino umepauka, ila kila herufi inasomeka. Killebrew alijivunia mwandiko wake, na aliwasisitizia vijana wa Twins, Torii Hunter akiwemo, waandike majina yanayosomeka. Baba huyu, kwa nia njema kabisa, akachukua maka pen nyeusi akapitia juu yake "kuifufua". Jinsi ulivyokuwa kabla, ningempatia mnunuzi wa dola 90 bila jasho. Sasa mkono ulio juu ni wake, si wa Killebrew, na wino wa maka ukishaingia kwenye ngozi ya ng'ombe huanza kutambaa, unatoa ukungu wa zambarau pembeni. Hautoki. Nilimrudishia mpira na dola zake 35, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuzichukua. Msinizoee kwa hilo.

Wengine wanapaka vanishi ili saini isifutike. Baada ya miaka michache mpira unakuwa rangi ya chai. Mama mmoja aliusugua kwa vitambaa vya kufutia watoto. Usafi ni wa sahani, jamani.

Kuhusu saini mpya kutoka kwa wachezaji wa zamani walio hai: mara mbili kwa mwaka napeleka mipira ya wateja kwenye maonyesho ambako mchezaji mzee anaketi mezani, analipwa kwa kila saini, na shahidi anabandika stika ya hologramu papo hapo. Mnasema ni ghali, bora kumtumia mzee kwa posta. Mteja wangu alituma, hakuweka stempu za kurudishia, na mpira hajauona tena. Mwingine alinilalamikia kwamba saini niliyomletea inatetemeka, haifanani na picha ya 1965. Ndugu yangu, huo ni mkono wa mtu aliyevuka miaka 80. Ingefanana na ya 1965 ndipo ningeshtuka.

Tangu Willie Mays, gwiji wa besiboli, afariki Juni 2024, akiwa na miaka 93, simu zangu hulia kila gwiji anapozikwa. Wiki ya msiba bei hupanda. Msinunue wiki hiyo.

Turudi kwenye dola 35. Kampuni kubwa za kuthibitisha, kama PSA na JSA, hutoza kulingana na jina la mchezaji. Ongeza posta ya kwenda na kurudi, na bima. Wakiukataa mpira, ada yao hairudi. Dada aliyebamiza mlango angepoteza zaidi ya mara mbili ya alichonilipa. Na mpira ukiwa mzuri nikauuza mimi, zile 35 nazikata kwenye kamisheni yangu. Hilo nimeliandika ukutani, ila watu hutazama mipira tu.

Mkija, leteni barua fupi ya familia iliyowapa, yenye tarehe na jina la mzee, na hakikisheni mwajiri wenu anaruhusu zawadi. Mpira uwekeni ndani ya soksi safi ya pamba. Kalamu zote ziacheni nyumbani.