Shoga, nimefaulu, lakini soma mpaka mwisho

Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam

Shoga yangu wa kitanda cha chini,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumai wewe na mwanao hamjambo. Najua umenipigia sana tangu mwaka jana na sikupokea. Umetuma ujumbe, nimesoma, nimenyamaza. Leo nimekaa nikuandikie, maana haya nikisema kwa simu nitalia kabla sijafika katikati.

Nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Mara ya tatu. Usipige vigelegele kwanza.

Unazikumbuka zile elfu themanini nilizokukopa? Nilikwambia mama anaumwa na dawa zinahitajika haraka. Mama hakuwa anaumwa. Alikuwa Mkuranga anapalilia mihogo yake, mzima kabisa. Hela yako nilinunulia pepa.

Mara ya kwanza nilipofeli ulikuwepo, tulilia wote, na wewe uliyepita ukajizuia hata kufurahi mbele yangu. Kisha ukapangiwa kituo, ukaondoka, mimi nikabaki kwa shangazi nikisukuma chapati alfajiri na kujifungia na madaftari jioni. Mtihani wa pili ulipokaribia, mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp akasema anayo pepa yenyewe, ya mwaka huo, na majibu yake. Alituma picha ya ukurasa wa kwanza. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mshahara wako ulikuwa ndiyo kwanza umeingia, na wewe ulinitumia usiku uleule bila kuuliza swali la pili, ukaongeza na ya kutolea.

Wiki tatu sikugusa daftari. Nilikariri zile karatasi zake mpaka nikawa naota herufi: la kwanza B, la pili D. Siku ya mtihani nikafungua, nikatafuta swali hata moja ninalolijua, hakuna. Na yale ambayo ningeyajibu kwa akili yangu ya kawaida nayo yalikuwa yameyeyuka. Nilipotoka nikampigia yule mtu, namba haipatikani. Kufeli kuliniuma, lakini wewe ndiye niliyeshindwa kukutazama, hata kwa simu. Kila jina lako lilipotokea kwenye kioo nilimwona mama yangu, mzima, nimemlaza kitandani kwa maneno yangu mwenyewe.

Hapa mtaani wote wananiita nesi. Miezi michache baadaye, saa mbili usiku, mama mmoja jirani akaja na mwanawe mgongoni na sindano kwenye mfuko mweusi, ametoka nayo duka la dawa. Anataka nimchome tu, hospitali ni mbali na foleni. Nikamwambia sina leseni, siruhusiwi. Akadhani nataka hela. Nikarudia: Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hainiruhusu kumhudumia mtu mpaka nisajiliwe na nipewe leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hata hiyo dawa hatujui kama ndiyo ya ugonjwa wa mtoto. Mtoto alikuwa wa moto, anapumua harakaharaka, kifua kinaingia ndani chini ya mbavu. Hicho hata asiye nesi akifundishwa atakiona. Nikamwambia huyu haendi kuchomwa, anakwenda hospitali sasa hivi, nikafunga duka la shangazi, tukapanda bodaboda wote watatu mpaka Temeke. Alilazwa, nimonia. Siku ya tatu wakamruhusu.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikakaa kizingitini. Nilijiuliza, ile pepa ingekuwa ya kweli, ningekuwa nani mbele ya mtoto yule? Ningekuwa na leseni ukutani, na pale mbavuni nisingeona kitu.

Kesho yake nikaenda kubisha kwa mkunga mmoja mstaafu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Miaka yake mingi kaimaliza leba, wodi ya kujifungulia. Nikamweleza yote, na ya pepa pia. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Chakula umekula?" Kisha akaniambia nije kila siku baada ya alasiri, na madaftari niyaache nyumbani.

Shoga, natamani ungekuwepo. Anakaa kwenye mkeka, anachambua mchele, na mimi naulizwa. "Mama amejifungua nusu saa iliyopita, kanga imelowa. Mkono wako uko wapi?" Mimi naanza: kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni kuanzia mililita 500... Ananikata. "Sikukuuliza kitabu. Mkono wako uko wapi?" Mkono uko tumboni, bibi, napapasa mji wa mimba kama ni mgumu au umelegea. "Umelegea." Naita msaada huku nausugua, oksitosini, dawa ya kukaza mji, yuniti 10 msulini kama hajapata, naangalia kibofu kama kimejaa, kondo la nyuma kama limetoka lote, njia kama imechanika. "Na mama mwenyewe, umeshamwambia neno?" Hapo kila siku nilikuwa nasahau. Mama mwenyewe.

Kifafa cha mimba alinishika nacho siku nne. Dozi nilikuwa nazo kichwani tangu chuo: magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia hicho kifafa, gramu 4 kwenye mshipa taratibu, 5 tako hili na 5 tako lile, halafu 5 kila baada ya saa nne. Akaniuliza, kabla ya ile inayofuata kwa nini unamgonga goti? Nikajibu, ndivyo ilivyoandikwa. Akaweka ungo chini. Akanieleza polepole kwamba dawa ikizidi mwilini, goti ndilo linaanza kunyamaza, na pumzi hufuata. Kwa hiyo unagonga goti, unahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, unatazama mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga hiyo ikizidi, iwe karibu na mkono wako. Tangu siku ile sijaisahau, na wala sikuikariri.

Na dripu! Unajua hesabu za matone zilivyonitesa, wewe ndiye uliyekuwa unanifanyia. Alikuwa na mpira wa dripu uliopitwa na muda. Tukachomeka kwenye chupa ya maji, tukaitundika kwenye msumari wa chandarua, sufuria chini, saa yake ya mkononi mkononi mwangu. Lita moja kwa saa nane, matone 20 kwa mililita: mililita 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, yanakuja kama 42 kwa dakika. Nikakaza kile kigurudumu, yakaja 60. Nikakaza tena, 35. Tone linavimba, linaning'inia, linaanguka. Jua lilizama nikiwa bado pale, na nilipopata 42 nilipiga kelele mpaka watoto wakaja dirishani.

Mtihani wa tatu sitakusimulia sana. Nilisoma kila swali nikimtafuta mgonjwa kwanza, umri wake, analalamika nini, nini kitamuua mapema zaidi. Nilitoka nimechoka, lakini sikuwa na hofu ile ya zamani.

Matokeo yalinikuta kwenye daladala, natoka Kariakoo na mfuko wa unga miguuni. Simu inaita mfululizo, bando limekata. Nikashuka Mtoni kwa Aziz Ali, nikanunua vocha, nikafungua faili nimesimama juani, unga kichwani. Nilitafuta namba yangu nikiwa nimefunika upande wa pili kwa kidole gumba. Nilipokitoa nikasoma, nikashuka na mfuko wangu palepale, nikakaa juu yake. Mama muuza machungwa akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimpigia mama, kisha nikaenda kwa bibi. Wa tatu ulikuwa wewe, na kidole kikakataa.

Sasa angalia simu yako. Elfu themanini nimekutumia leo asubuhi na ya kutolea, hela ya chapati zangu, sijakopa popote. Mama naye nimemwambia nilivyomsingizia ugonjwa. Alinyamaza sana, kisha akasema nikuombe radhi mimi mwenyewe, naye ataniongezea gunia la mihogo nikuletee. Naomba radhi, shoga yangu. Ulinipa mshahara wako wa kwanza kwa moyo mweupe, na mimi nikakudanganya.

Kama umekasirika, kasirika, una haki. Ila usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Hata saa nane za usiku ukiwa zamu, nipigie. Safari hii nitapokea.

Mimi wako,
wa kitanda cha juu