Barua kwa Mwanangu Kuhusu Volteji za Nodi

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea kazi yako na nimeipitia mara mbili. Saketi uliyopewa ina betri ya volti 12, ambayo upande wake hasi umeuita sifuri. Rezista, yaani kifaa kinachokinza mkondo wa umeme, ya omu 2 inatoka upande chanya hadi nodi (makutano ya waya) A, ya omu 6 inatoka A hadi sifuri, ya omu 1 inaunganisha A na B, na ya omu 2 inatoka B hadi sifuri. Umepata volti 9 kwenye A na volti 6 kwenye B. Majibu hayo yanashawishi, kwa kuwa yamo kati ya sifuri na 12 kama inavyopasa katika saketi yenye betri moja na rezista tupu, lakini si sahihi, na ningependa uweze kuligundua hilo wewe mwenyewe.

Yarudishe kwenye nodi A. Kutoka volti 12 hadi 9 kuna tofauti ya volti 3, ambayo ukiigawa kwa omu 2 unapata ampia 1.5 zinazoingia. Zinazotoka ni ampia 1.5 kupitia omu 6 na ampia 3 kuelekea B, jumla ampia 4.5. Haiwezekani, mwanangu, kwa sababu nodi ni makutano tu ya waya, haina akiba ya umeme: kinachoingia ndicho kinachotoka. Mwanafizikia Mjerumani Kirchhoff aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1845, akiwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu.

Kosa lako ni moja tu: mkondo wa ile rezista ya omu 6 umeuweka upande wa mikondo inayoingia, ilhali A iko juu ya sifuri na mkondo katika rezista huenda kutoka volteji kubwa kwenda ndogo. Usibahatishe mielekeo. Katika kila nodi chukulia kwamba mikondo yote inatoka. Toa volteji ya jirani kutoka volteji ya nodi yenyewe, gawanya kwa ukinzani uliopo kati yao, kisha jumla yote iwe sifuri. Mkondo unaoingia utajitambulisha kwa alama ya kutoa.

(A − 12)/2 + A/6 + (A − B)/1 = 0
(B − A)/1 + B/2 = 0

Mlinganyo wa pili unakupa A = 1.5B, na ukiuingiza katika wa kwanza unapata B = volti 4 na A = volti 6. Sasa ampia 3 zinaingia A, 1 inakwenda sifuri na 2 zinakwenda B, ambako zote 2 zinatoka.

Kabla hujaniandikia tena, ikokotoe saketi hiyohiyo ukiiita B sifuri. Kila volteji itapungua kwa 4, hata upande hasi wa betri utasomeka −4, lakini hakuna mkondo hata mmoja utakaobadilika. Nitumie hatua zako zote, pamoja na zile utakazozifuta.

Akupendaye,
Baba yako